Rangi za Jioni Si Rangi za Mchana



Ukitoka mjini Tanga na kuifuata barabara ya ufukoni kuelekea mashariki, wafika Raskazone. Ni rasi iliyojitokeza baharini, penye miti mikubwa, nyumba za zamani, hoteli ya Mkonge na mahali pa kuogelea. Mbele yake ni ghuba ya Tanga yenye kisiwa cha Toten, na nje ya ghuba ni bahari kuu. Wenyeji hupenda kwenda huko jioni kupunga upepo.

Mtu akikaa huko tangu saa kumi na moja hata saa moja usiku, hasa katika mwezi wa Novemba au Desemba mikrismasi inapochanua, aweza kuona jambo la ajabu. Saa kumi na moja maua ya mkrismasi huwaka kama makaa ya moto, na majani yake hayavuti macho ya mtu. Jua likiisha kuzama, maua yale yale huanza kufifia. Baada ya kitambo huwa meusi kama masizi, bali majani ya kijani bado yaonekana meupe-meupe kidogo. Mwishowe vyote huwa vya kijivu: maua, majani, mashua, hata kanga za akina mama wapitao njiani.

Je, ni nani aliyeyapaka maua masizi? Hakuna. Maua ni yale yale. Yaliyobadilika ni mambo mawili: mwanga unaoyaangukia, na kazi inayofanyika ndani ya macho na ubongo wetu. Leo tuyachunguze mambo hayo mawili, maana si mchezo tu. Kwa kutoyajua, watu hununua nguo wasizozitaka, humeza dawa zisizo zao, na mara nyingine mtoto mchanga huzidiwa na ugonjwa mbele ya wazazi wampendao, nao hawana habari.

MWANGA MWEUPE NI MCHANGANYIKO

Kati ya miaka ya 1665 na 1666, Mwingereza Isaac Newton alifunga madirisha ya chumba chake akaacha tundu dogo. Mwali wa jua uliopita tunduni aliupitisha katika kipande cha kioo chenye pembe tatu. Ukutani hakuona doa jeupe, bali rangi zote za upinde wa mvua, tangu nyekundu hata urujuani. Hivyo alionyesha kwamba mwanga wa jua, tuuitao mweupe, kwa kweli ni rangi nyingi zilizochanganyika.

Sasa tutazame kanga nyekundu. Mwanga wa jua ukiiangukia, nguo hiyo hunywa rangi nyingi na kuirudisha nyekundu. Hiyo iliyorudishwa ndiyo iingiayo machoni mwetu. Basi kitu hakibebi rangi yake kama mtu abebavyo shilingi mfukoni. Hurudisha tu sehemu ya kile ilichopewa na mwanga. Kama mwanga wenyewe hauna rangi fulani, kitu hakiwezi kuirudisha.

Taa zetu hazifanani. Moto wa koroboi na wa chemli una manjano na nyekundu kwa wingi, lakini buluu ni haba. Kwa hiyo kanga ya buluu nzito, ikitazamwa kwa koroboi, huonekana nyeusi. Taa za barabarani za sodiamu, zile za njano kabisa zilizotumika katika miji mingi, zilikuwa mbaya zaidi: chini yake gari jekundu lilionekana la kahawia au jeusi. Taa nyingi za siku hizi za mwanga wa jua na tochi za simu hutoa mwanga mweupe wenye buluu nyingi. Kila taa ina tabia yake, na kila moja yaweza kutoa ushahidi tofauti juu ya nguo ile ile.

Wafanya biashara walijua hayo zamani. Turubai jekundu likitandazwa juu ya meza ya nyanya, nyanya zote huonekana zimeiva. Taa yenye wekundu kidogo ikining'inizwa juu ya nyama, nyama ya jana huonekana ya leo. Muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Ni taa iliyosema.

WAFANYAKAZI WA MCHANA NA WA USIKU

Ndani ya jicho, nyuma kabisa, pana utando mwembamba uitwao retina. Utando huo una chembe zipokeazo mwanga, nazo ni za namna mbili. Za kwanza ni koni, zenye umbo kama la pia. Katika kila jicho ziko kama milioni 6. Hizi ni wafanyakazi wa mchana. Zina aina tatu, na kila aina hupokea zaidi sehemu yake ya mwanga: moja mawimbi marefu, upande wa nyekundu, moja ya katikati, upande wa kijani, na moja mafupi, upande wa buluu. Kwa kulinganisha habari za aina hizo tatu, ubongo hutengeneza rangi zote tuzijuazo.

Za pili ni vijiti, nazo ni kama milioni 120. Hizi ni walinzi wa usiku. Zahitaji mwanga kidogo sana, lakini ni za aina moja tu. Kwa kuwa hazina za kulinganishwa nazo, haziwezi kutambua rangi. Ndiyo sababu usiku wa nyota chache ng'ombe wote ni wa kijivu.

Tena walinzi hao wa usiku huona vizuri rangi za kijani na buluu-kijani, bali nyekundu kwao ni kama giza. Jioni, koni zinapokabidhi zamu kwa vijiti, nyekundu hutangulia kuzama. Mtaalamu Jan Purkyně wa nchi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, alilieleza jambo hilo mwaka 1825 baada ya kutazama maua kabla ya mapambazuko. Alichokiona yeye katika bustani za Ulaya ndicho kionekanacho katika mikrismasi ya Tanga.

Mabadiliko ya zamu huchukua muda. Ukiingia gizani kutoka penye taa kali, vijiti vyahitaji kama nusu saa ili viwe na nguvu zao zote. Ukimulikwa na taa kali kwa nukta chache tu, waanza tena karibu upya. Kwa hiyo mabaharia wengi wamezoea kutumia taa nyekundu hafifu katika chumba cha usukani wakati wa usiku. Vijiti havisumbuliwi na nyekundu, na nahodha akitazama nje bado aona. Mvuvi anayelazimika kutazama simu yake usiku na afumbe jicho moja. Jicho hilo litakuwa limetunza usiku wake.

Jaribuni na hili. Usiku tafuteni nyota hafifu sana. Mkiikazia macho moja kwa moja, itapotea. Mkitazama kando yake kidogo, itarudi. Sababu ni kwamba katikati ya retina pamejaa koni tupu. Vijiti viko pembeni.

UBONGO NA MZANI WA NAZI

Mpaka hapa tumesema juu ya macho tu. Lakini macho ni wapokeaji. Habari zao hupita katika mshipa wa fahamu hata ubongoni, na hasa sehemu ya kisogoni. Huko ndiko shauri linakokatwa.

Fikirini mtu apimaye nazi kavu katika mzani. Nazi zimo ndani ya gunia. Mzani waonyesha uzito wa vyote, gunia na nazi. Mpimaji mzoefu hakubali uzito huo. Hutoa kwanza uzito wa gunia, ndipo aseme nazi ni kilo kadha. Ubongo wafanya vivyo hivyo. Macho huleta rangi ya kitu pamoja na rangi ya taa, vikiwa vimeshonwa pamoja. Ubongo hukadiria rangi ya taa, huitoa, na kutuambia iliyobaki kuwa ndiyo rangi ya kitu.

Ndiyo maana karatasi nyeupe twaiona nyeupe mchana, tena twaiona nyeupe mbele ya chemli, ingawa mbele ya chemli mwanga utokao kwenye karatasi ni wa manjano kwelikweli. Ubongo umetoa gunia. Kamera isiyo na marekebisho haijui kutoa gunia, hivyo picha ipigwayo kwa taa ya chemli hutoka ya manjano yote.

Lakini mpimaji hukosea asipojua gunia ni la aina gani. Mwezi wa Februari mwaka 2015 picha ya gauni moja, iliyohusu arusi ya huko Scotland, ilienea ulimwenguni kwa simu. Watu wengine waliliona la buluu na nyeusi, wengine la nyeupe na dhahabu. Mume na mkewe walibishana, kila mmoja akiapa kwa macho yake. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi. Wachunguzi wengi waeleza hivi: picha haikuonyesha wazi gauni limeangazwa na mwanga gani. Aliyedhani kwamba limesimama kivulini, penye mwanga wa buluu, alitoa buluu na kubaki na nyeupe. Aliyedhani kwamba limeangazwa na taa ya njano, alitoa manjano na kubaki na buluu. Mzani ulikuwa mmoja. Magunia ndiyo yaliyokuwa mawili.

Mwaka 1995 profesa mmoja wa Marekani, Edward Adelson, alichora ubao kama wa drafti wenye miraba ya kijivu iliyofifia na ya kijivu iliyokolea, na juu yake nguzo yenye kutupa kivuli. Mraba mmoja uliokolea umo nje ya kivuli, na mwingine uliofifia umo kivulini. Kila atazamaye husema hii ni rangi mbili. Kumbe ukikata karatasi na kufunika vyote isipokuwa hiyo miraba miwili, waona ni kijivu kimoja. Ubongo uliona kivuli, ukasema: "Mraba huu umepunguziwa mwanga, basi lazima wenyewe ni mweupe zaidi."

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo la namna hiyo bila gharama. Kateni vipande viwili sawa vya karatasi ya khaki. Wekeni kimoja juu ya makaa yaliyozimika, na kingine juu ya sinia ya unga wa sembe. Cha juu ya makaa kitaonekana cheupe zaidi. Kisha wekeni vyote viwili pamoja, watoto wataona ni vya rangi moja.

UMBO NALO LATEGEMEA MWANGA

Si rangi tu. Hata umbo la kitu, yaani mwinuko na shimo, ubongo hulisoma kwa vivuli. Tangu wanadamu wawepo, mwanga mkubwa umetoka juu. Kwa hiyo ubongo una kanuni: kilichong'aa upande wa juu na chenye kivuli upande wa chini ni kinundu, kilicho kinyume chake ni shimo. Chukueni picha ya nyayo za miguu mchangani, iliyopigwa wakati wa asubuhi, mkaigeuze juu chini. Mara nyingi nyayo zitainuka kama mikate. Picha haikubadilika, ila kivuli kimehama upande.

Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Mwanzoni mwa mwezi wa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi hasa, na mti uliosimama wima karibu haupati kivuli. Wakati kama huo barabara ya udongo huonekana tambarare. Shimo halina kivuli cha kulitangaza, na mpanda baiskeli hulitambua akiwa ameisha kuanguka. Jioni mambo hugeuka: kijiwe kidogo hupata kivuli kirefu, na shimo la kina cha kidole huonekana kama kisima.

Mafundi waashi hulitumia jambo hili vizuri. Fundi apigaye plasta hatazami ukuta kwa taa ya mbele. Huweka taa ubavuni mwa ukuta, mwanga ukipita juu yake kwa kulalia. Hapo kila kinundu na kila bonde hutoa kivuli na kujishtaki chenyewe. Bwana mwenye nyumba anayetaka kuikagua kazi kabla ya kulipa, na afanye hivyo.

SAMAKI WA VILINDINI

Maji nayo ni kama taa yenye tabia yake. Maji ya bahari hunywa nyekundu kwanza. Katika mita chache za juu nyekundu hupungua sana, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, na chini kabisa hubaki buluu. Mpiga mbizi akijikata kidole mbali chini huona damu yake ni ya kijani. Changu mwekundu apendezaye sokoni, huko alikokuwa akiishi ni mweusi-mweusi, asionekane na adui zake.

Katika bahari ya Tanga yuko shahidi mkubwa wa mambo haya. Ni samaki aitwaye silikanti. Wataalamu walidhani jamii yake ilikwisha duniani yapata miaka milioni 65 iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipopatikana mmoja huko Afrika Kusini. Tangu miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wa Tanga wamenasa silikanti wengi katika nyavu za jarife zilizotegwa vilindini. Kwa ajili yake Serikali ilitangaza hifadhi ya bahari mwaka 2009, na ghuba ya Tanga imo ndani yake.

Silikanti hukaa mahali penye kina cha mita mia na zaidi, hufika hata mita mia mbili na kupita. Hapo jua halipeleki ila buluu hafifu. Wataalamu walipoyachunguza macho yake walikuta kwamba yamefanywa kwa buluu hiyo tu. Nyekundu na kijani za kwetu hana haja nazo, kwa maana hazimfikii. Na yeye mwenyewe akiwa hai ni wa buluu yenye madoa meupe, mfano wa mwamba wenye chaza. Akifa, buluu ile huondoka, akabaki wa kahawia. Kila kiumbe huona ulimwengu kwa kadiri ya mwanga wa kwake.

WATU WASIOONA KAMA WENGINE

Mwingereza John Dalton alikuwa mwalimu na mtaalamu wa kemia. Mwaka 1792 alitazama ua la jeranio, ambalo wenzake waliliita la waridi. Mchana yeye aliliona la buluu kama mbingu. Usiku kwa mshumaa aliliona jekundu. Alipowauliza rafiki zake, walistaajabu, maana kwao ua halikubadilika sana. Ni ndugu yake tu aliyeona kama yeye. Mwaka 1794 alisoma habari hiyo mbele ya chama cha wenye elimu cha Manchester, na ikawa mojawapo ya maelezo ya kwanza ya upofu wa rangi.

Dalton alidhani maji ya ndani ya macho yake ni ya buluu. Akausia kwamba akifa macho yake yafunguliwe. Alipofariki mwaka 1844 daktari alifanya hivyo, akakuta maji safi kabisa. Mabaki ya macho yalihifadhiwa, na mwaka 1995 wataalamu walichunguza chembe zake za urithi. Wakagundua kwamba alikosa ile aina ya koni ya upande wa kijani.

Upofu wa namna hiyo hurithiwa zaidi kwa njia ya mama, ambaye mwenyewe huona vizuri, na huwapata wavulana kuliko wasichana. Kati ya watu wa asili ya Ulaya, wanaume kama 8 katika kila 100 wanao. Katika Afrika wamepatikana wachache zaidi, lakini wapo. Basi mwalimu akimwona mtoto amepaka majani rangi ya kahawia, asimpige wala asimcheke. Na ampeleke kupimwa kwa zile picha za madoadoa zilizotungwa na daktari Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Mtoto huyo si mjinga. Ila ni vema ajue mapema, kwa sababu meli huonyesha taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, nayo reli ina bendera zake. Kazi nyingine zahitaji macho yasiyochanganya hizo mbili.

YATUPASAYO NYUMBANI

Sasa tuone faida ya elimu hii.

Kwanza, biashara. Nguo, uzi wa kushonea na rangi ya nyumba vichaguliwe mchana, mlangoni mwa duka. Akina mama wengi wamenunua damu ya mzee usiku na kuamka na kahawia. Samaki naye atazamwe mashavu kwa mwanga wa jua, tena anuswe na kubonyezwa. Pua na kidole havidanganywi na taa. Na wenye mashamba ya mkonge wajua: tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, ikapona miche 62 tu, katani imekuwa mali ya nchi hii. Katani hupangwa madaraja kwa urefu wake, usafi wake na rangi yake. Nyeupe na ya maziwa hazitofautiki vizuri chini ya taa ya njano, na tofauti hiyo ni fedha.

Pili, dawa. Kidonge chekundu, cha kahawia na cha zambarau vyaweza kufanana mbele ya koroboi. Msitambue dawa kwa rangi. Soma jina lililoandikwa, na kila dawa ikae katika mfuko wake.

Tatu, vyakula. Vijiti vya macho vina kitu kiitwacho rodopsini, nacho hakitengenezwi pasipo vitamini A. Mmarekani George Wald alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa kuichunguza kazi hiyo. Mtoto akijikwaa-jikwaa magharibi inapoingia, hali wenzake wanakimbia, mara nyingi si mzembe. Huenda amepungukiwa na vitamini hiyo, na akiachwa aweza kupofuka kabisa. Mpelekeni zahanati. Mlisheni maembe, mapapai, mchicha, kisamvu, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mayai na maini. Msikose matone ya vitamini A ambayo watoto wadogo hupewa mara mbili kwa mwaka.

Nne, wazee. Kioo cha ndani ya jicho hugeuka cha manjano kwa miaka mingi, tena chaweza kufanya ukungu, ndio mtoto wa jicho. Bibi asiyetofautisha uzi mweusi na wa buluu hana ubishi. Haletewi buluu na macho yake. Mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, Claude Monet, alipatwa na ugonjwa huo hata picha zake zikajaa wekundu na kahawia. Alipasuliwa mwaka 1923, akaanza kulalamika kwamba sasa aona buluu kupita kiasi. Watu wengi husema hivyo baada ya kupasuliwa, kisha ubongo hujifunza gunia jipya na malalamiko hukoma. Ugonjwa huo unatibika hospitali.

MTOTO MCHANGA NA MANJANO

Neno la tano nimeliweka mwisho kwa sababu ni kubwa kuliko yote. Watoto wachanga walio wengi hupata manjano kidogo katika juma la kwanza, nayo hupita. Lakini yakizidi, sumu ya manjano huingia ubongoni, na mtoto aweza kufa, au kuwa kiziwi, au kulemaa maisha yake yote.

Tazameni sasa hatari yetu. Mama aliyejifungua hukaa ndani siku nyingi, chumba kina pazia, na taa ni ya njano. Mwanga wa njano humwangukia mtoto mwenye manjano. Ubongo wa mama hukadiria gunia, huitoa manjano ya taa, na pamoja nayo huitoa manjano ya mtoto. Mama aona mtoto mzuri. Bibi naye aona hivyo hivyo. Hakuna aliyezembea, na macho yao ni mazima. Mwanga ndio mbaya. Na ngozi yetu nyeusi huificha manjano zaidi.

Kwa hiyo kila siku, katika juma la kwanza na la pili, mlete mtoto karibu na dirisha au mlangoni wakati wa mchana. Tochi ya simu si badala ya mchana. Tazama weupe wa macho yake, fizi zake, viganja na nyayo. Bonyeza taratibu paji la uso au ncha ya pua kwa kidole, uachie, utazame rangi ya mahali palipobonyezwa kabla damu haijarudi. Yakiwa manjano yametokea siku ile ile ya kuzaliwa, au yamefika viganjani na nyayoni, au mtoto amekuwa mlegevu, alala mno, ana homa, hataki kunyonya, au alia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, msingoje kesho. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Huko dawa yenyewe ni mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje kwenye jua. Siku moja alimwonyesha daktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepungua manjano, isipokuwa kipande cha pembe tatu kilichofunikwa na ncha ya shuka. Hapo kilibaki cha manjano. Daktari R. J. Cremer na wenzake walichunguza, na mwaka 1958 wakatangaza kwamba mwanga, hasa wa buluu, huvunja sumu ile. Leo mtoto hulazwa chini ya taa maalumu za buluu, macho yake yamefunikwa. Lakini msijaribu kumtibu wenyewe kwa kumwanika juani nyumbani. Jua halina kipimo, laweza kumchoma, na saa mnazopoteza ndizo saa ambazo ubongo wake unaumia.

Akina baba, kazi hii si ya akina mama peke yao. Ukiwa na mtoto mchanga nyumbani, kesho saa nne asubuhi sogeza pazia, mbebe mwanao hata dirishani, umtazame vizuri.